Watoto Waulizwe Wameonaje: Barua ya Wazi kuhusu Vitabu vya Hadithi vya Zamani

Kwa:
Maafisa Elimu Msingi wa Jiji la Dar es Salaam na Manispaa za Kinondoni, Temeke, Ubungo na Kigamboni
Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania
Taasisi ya Elimu Tanzania

YAH: OMBI LA KIPINDI KIMOJA KWA WIKI, KASHA LA VITABU 15 KWA KILA SHULE, NA NAFASI YA MAONI YA WANAFUNZI KATIKA UCHAGUZI WA VITABU VYA HADITHI

Ndugu viongozi wetu,

Tunawaandikia kama walimu wa Kiswahili na wasimamizi wa maktaba za shule za msingi mkoani Dar es Salaam. Kazi yetu ni watoto wa Darasa la III hadi la VII na vitabu vya hadithi, hasa vile vya zamani ambavyo wazazi na mababu wa watoto hawa walivisoma. Shida tunayoileta ni moja. Shuleni mtoto huulizwa hadithi inafundisha nini, haulizwi ameionaje. Tunaomba aulizwe, jibu lake liandikwe, na liwafikie ninyi mnaoamua kitabu gani kichapwe, kinunuliwe au kipewe nafasi kwenye rafu.

"Hadithi hii inatufundisha nini?" ni swali linalofunga karibu kila somo la ufahamu. Si swali baya, ila jibu lake huwa linajulikana kabla kitabu hakijafunguliwa: tusiwe na tamaa, tuwasikilize wakubwa, umoja ni nguvu. Mtoto hodari wa mitihani hulijibu kwa kusoma aya ya mwisho tu. Muulizeni mtoto huyohuyo, "Nani kaonewa katika hadithi hii, na umeona wapi?" Hapo itambidi arudi nyuma, apekue, abishane na mwenzake juu ya sentensi moja.

Chukueni hekaya za Abunuwasi, ambazo hata mtoto asiyewahi kushika kitabu chake amezisikia nyumbani. Abunuwasi anaazima sufuria kwa jirani, anairudisha ikiwa na kijisufuria ndani, anasema imezaa. Jirani anafurahi, anapokea. Siku nyingine anaiazima tena, harudishi, na akidaiwa anasema sufuria imekufa. Ukiuliza funzo, darasa zima litaitikia kwamba tamaa mbaya. Ukiuliza nani mwizi, darasa linagawanyika. Wapo watakaomshika Abunuwasi, kwa kuwa alipanga tangu siku ya kwanza. Wapo watakaomshika jirani, kwa kuwa alijua fika sufuria haizai na bado akanyoosha mkono. Kisha atatokea mmoja atakayetaka kujua kile kijisufuria nacho kirudishwe au kibaki. Mtoto wa miaka kumi anayeuliza hivyo ameanza kufikiri kama hakimu, na kilichomfikisha hapo ni hadithi ya kurasa mbili.

Kwa Darasa la VI na la VII tunashauri Adili na Nduguze ya Shaaban Robert, iliyotoka mara ya kwanza mwaka 1952. Adili, liwali mwema, ana nyani wawili. Mchana anawatunza vizuri, usiku anawachapa huku analia, kwa amri ya jini Huria. Kumbe nyani hao ni kaka zake waliomtosa baharini kwa wivu. Katika shule zetu, ambako viboko ni jambo ambalo kila mtoto ana la kusema juu yake, hakuna kitabu kinachofungua midomo kama hiki. Je, mtu anayechapa kwa kuamriwa ana kosa? Machozi yake yanapunguza nini kwa anayechapwa? Na kuna swali ambalo walimu wengi hawalifikirii: kisa hiki kina mzizi mmoja na kisa kilichomo katika Alfu Lela Ulela ya Kiarabu, na huko ndugu wawili waligeuzwa mbwa. Kwa nini mwandishi wetu akachagua nyani? Waambieni watoto jambo hilo dakika tano kabla ya kengele, mtaona wanatoka nje bado wanabishana.

Tunavisisitiza vitabu vya zamani kwa sababu mbili. Kwanza, watu wazima nyumbani wanavijua, kwa hiyo mtoto akirudi na swali anapata wa kubishana naye hata kama nyumbani hakuna kitabu kingine zaidi ya daftari. Pili, vimebeba mawazo ya zama zao, na mtoto anahitaji kujifunza kusoma kitabu bila kukubali kila kilichomo. Mama wa kambo mkatili, kilema anayechekwa, mke mwongo, mtumishi asiye na jina: haya yote yamo, tena kwa wingi. Katika darasa lolote la mkoa huu wapo watoto wanaolelewa na mama wa kambo mwema. Mmoja wao akisoma hadithi ya aina hiyo asipewe nafasi ya kusema "wangu hayuko hivi", tumemfundisha kwamba kitabu kikisema, yeye anyamaze.

Vivyo hivyo kwa tafsiri za wakati wa ukoloni. Mashimo ya Mfalme Sulemani ilitoka kwa Kiswahili mwaka 1929. Wazungu watatu wanasafiri ndani ya Afrika kumtafuta mtu aliyepotea na wanarudi na almasi. Umbopa, aliyejiunga nao kama mtumishi, anabainika kuwa ndiye mfalme halali wa nchi ile. Wako wanaosema kitabu kama hiki kifichwe. Sisi tunasema kisomwe na Darasa la VII mbele ya mwalimu aliyekisoma kwanza, na maswali yawe mawili tu: almasi zile ni za nani, na kisa hiki kingekuwaje kama msimulizi angekuwa Umbopa? Watoto wa miaka kumi na mitatu wanaweza maswali hayo.

Sasa tuje kwenye utaratibu, kwa sababu hapa ndipo mipango mizuri hufia. Kipindi cha Darasa la III hadi la VII ni dakika 40. Tukimkadiria msomaji wa Darasa la V maneno 80 kwa dakika akisoma kwa sauti, na ukurasa wa kitabu cha hadithi maneno 200, basi dakika 15 za kusoma zinampa kurasa sita. Kitabu cha kurasa 60 kitahitaji vipindi kumi, yaani sehemu kubwa ya muhula. Klabu nyingi za usomaji hufa kwenye hesabu hii ambayo hakuna aliyeipiga: zinaanza na kitabu kirefu, wiki ya nne nusu ya watoto wamesahau mwanzo, wiki ya sita mwalimu anakata tamaa. Anzeni na hekaya fupi za kurasa mbili hadi sita, zinazokwisha ndani ya kipindi kimoja. Kitabu kirefu kije baada ya wiki sita au saba, na sura moja moja asome mwalimu mwenyewe kwa sauti.

Dakika zote 40 tunazigawa hivi: tano za mwanzo ni za kukumbushana, kumi na tano za kusoma, kumi na mbili za mazungumzo, nane za kuandika. Anayezidisha kusoma anakula muda wa kuandika, na maoni yasiyoandikwa siku hiyo hayapatikani tena kesho.

Kuhusu idadi, tunajua mtatuambia madarasa yetu yamefurika. Ni kweli, na ndiyo maana tunaomba vitabu 15 tu. Ni majina matano, kila jina nakala tatu. Kikundi kina watoto sita, kila wawili wanashika nakala moja. Vikundi vitano ni watoto 30. Darasa la watoto 90 linagawanywa mara tatu, kila sehemu na siku yake: Jumatatu, Jumatano, Ijumaa. Vitabu vilevile 15 vinawahudumia wote ndani ya wiki. Darasa la 120 litaongeza siku ya nne. Mwalimu anakaa na kikundi kimoja kila kipindi, kwa hiyo baada ya wiki tano amewasikiliza wote. Katika shule zenye zamu mbili, muda unaofaa zaidi ni ule ambao zamu moja inatoka na nyingine inaingia. Chini ya mwembe panatosha, na mkeka ni bora kuliko madawati kwa kuwa watoto wanakaa wakitazamana.

Msiwapange kwa uwezo wa kusoma. Mkiwaweka wasiojua kusoma vizuri pamoja, wanapata aibu na kimya. Wachanganyeni, lakini kuna mtego: katika jozi, msomaji hodari atasoma kitabu chote na mwenzake atatazama dari. Dawa yake ni kubadilishana kila aya, na anayesikiliza afuatishe kwa kidole. Na mtoto ambaye KKK (kusoma, kuandika na kuhesabu) bado zinamsumbua asiachwe nje ya mazungumzo. Anayesikiliza kwa makini mara nyingi huona jambo ambalo msomaji wa haraka amelipita, na akishajua kwamba maoni yake yanangojewa, atakuwa na sababu ya kuhangaika na herufi.

Kwenye mazungumzo, tatizo la kwanza ni wazungumzaji wawili au watatu walewale. Wapeni watoto vizibo vya soda, kila mmoja viwili. Ukisema, unaweka kizibo kimoja katikati. Vikiisha, unasubiri mpaka wote wawe wametumia angalau kimoja. Ni kifaa kisicho na gharama na kinafanya kazi kuliko kunyoosha mikono, kwa sababu mtoto mkimya anaona vizibo vyake vimebaki na wenzake wanaviona pia. Asilazimishwe hapohapo. Mara nyingi wiki ya pili au ya tatu anaviweka mwenyewe.

Tatizo la pili ni mwalimu. Tunalisema kwa heshima kwa sababu ni wenzetu. Mtoto anasema "mimi hadithi hii sikuipenda", na mwalimu, kwa nia njema kabisa, anajibu "hapana, hadithi ni nzuri, tazama inavyotufundisha". Kuanzia hapo mazungumzo yamekwisha. Wote waliobaki watasema wameipenda. Jibu la mwalimu liwe swali moja tu: "Sehemu gani?" Mtoto akionyesha sehemu, ameshatoa maoni. Akishindwa, wenzake watamsaidia kutafuta. Kanuni tunayoishika ni kwamba maoni yoyote yanapokelewa mradi yamesimama juu ya ukurasa unaotajwa. Kusema kitabu "kizuri sana" bila ukurasa hatukuhesabu, sawa na kusema "kibaya".

Lugha nayo isizuie. Mtoto wa Manzese au Mbagala akisema mhusika "kazingua", ameeleza hukumu kamili. Mwulizeni kazingua wapi, kisha mwanzoni mwa kuandika msaidieni kutafuta neno la kitabuni. Upande wa pili, maneno magumu ya vitabu vya zamani yasisimamishe usomaji kila mstari. Mwalimu achague maneno matano tu kabla ya kipindi, ayaandike ubaoni na maana zake, mengine yaachwe yaeleweke kwa muktadha. Mkisimama kwa kila neno, hadithi inageuka zoezi la msamiati na hakuna atakayejali nini kilimpata Adili.

Halafu kadi. Shiti moja ya manila ikikatwa vipande vya sentimita 10 kwa 15 inatoa kadi 20 hadi 25, kutegemea ukubwa wa shiti. Mbele ya kadi mtoto anaandika jina la kitabu, darasa lake, umri wake na ukurasa anaouzungumzia. Nyuma anaandika sentensi mbili hadi nne. Jina lake kamili lisiandikwe, kwa sababu kadi hizi zitasafiri na mtoto ana haki ya kusema bila kutambulika na asiowajua. Nafasi iwe ndogo makusudi. Mkimpa karatasi nzima atasimulia hadithi upya kutoka mwanzo mpaka mwisho na maoni yatakosa pa kukaa. Hili ndilo kosa tunaloliona zaidi kwenye madaftari ya usomaji, kurasa nyingi za muhtasari bila sentensi moja ya msomaji.

Kadi dhaifu husema: "Hadithi hii ni nzuri na inatufundisha mambo mengi." Kadi yenye uhai husema kitu cha namna hii: "Jirani alipopewa kijisufuria hakuuliza hata swali moja. Alijua anadanganywa akakubali kwa kuwa anapata. Kwa hiyo simwonei huruma." Tofauti yake inafundishika. Njia nyepesi ni kuanzisha sentensi ubaoni, "Niliposoma pale ambapo…, niliona…, kwa sababu…", na kuifuta baada ya wiki nne ili isiwe mhuri wa kila kadi.

Tunawasihi sana jambo moja: kadi isisahihishwe kwa kalamu nyekundu. Makosa ya tahajia yaandikwe na mwalimu kwenye daftari lake, yafundishwe kipindi kingine. Kadi ikirudi imejaa alama nyekundu, wiki ijayo mtoto ataandika maneno anayojua kuyaandika tu, na maoni yake yatafupishwa yaendane na tahajia yake. Kadi zisipewe maksi pia. Wathibiti ubora wa shule wakitaka ushahidi, wahesabu kadi na wazisome, hilo linatosha.

Kila kitabu kiwe na bahasha ya kadi. Kasha likihamia shule nyingine, kadi zinakwenda nalo, na mtoto wa Kigamboni anasoma alichosema mtoto wa Ubungo juu ya ukurasa uleule. Hapo maoni yanaanza kujibizana, na kadi ya pili huanza "mimi sikubaliani na huyu wa Darasa la VI". Lakini bahasha hizo akae nazo mwalimu mpaka kikundi kimalize kusoma. Zikibandikwa ndani ya jalada, watoto watazisoma kwanza na kunakili, na mtakuwa na kadi 90 zenye maoni ya mtu mmoja.

Utunzaji wa vitabu ni jambo la kuchosha kulieleza lakini lisipoelezwa kasha halimalizi mwaka. Hewa yetu ya pwani ina unyevu na chumvi: pini za stepla hushika kutu na kukata karatasi, na kitabu kilichofungiwa kwenye kabati la chuma miezi miwili kinaota ukungu. Kasha likae juu ya meza au tofali, lisigusane na sakafu wala ukuta, kwa ajili ya mchwa na maji ya masika. Vitabu visimamishwe wima vikiwa na nafasi ya hewa, na vifunguliwe kila wiki. Kitabu kinachosomwa huishi muda mrefu kuliko kilichofichwa stoo. Jalada livikwe nailoni, na pini zilizoshika kutu zitolewe, kurasa zishonwe kwa uzi na sindano. Kazi hiyo Darasa la VII wanaiweza.

Hata hivyo vitabu vitapotea na kuchanika. Mwalimu mkuu anayejua kwamba ataulizwa juu ya kila nakala atafanya jambo la busara kwa upande wake: atavifungia. Tumeona makabati yaliyojaa vitabu vizuri ambavyo havijawahi kushikwa na mtoto, na orodha ya mali imekamilika. Tunaomba mruhusu kwa maandishi upungufu wa nakala mbili katika kila 15 kwa mwaka bila mtu kuadhibiwa wala mzazi kutozwa.

Lipo pia suala la vitabu vinavyoruhusiwa. Februari 2023 Wizara ya Elimu ilipiga marufuku vitabu 16 visitumike shuleni wala kwenye maktaba kwa sababu za maadili. Wizara ina wajibu wa kulinda watoto, na hatupingi wajibu huo. Lakini mwalimu aliyeona orodha ya vilivyokatazwa, na hana mkononi orodha ya vinavyokubalika, huchagua njia salama ya kutompa mtoto chochote kisicho cha kiada. Orodha ya vitabu vya hadithi vinavyokubalika, yenye vitabu vya zamani ndani yake na darasa linalofaa kwa kila kimoja, ibandikwe kwenye ofisi ya kila mwalimu mkuu, na mwalimu atafungua kabati bila hofu.

Kwa hiyo, Maafisa Elimu, kutoka kwenu tunaomba waraka mfupi unaotenga kipindi kimoja kwa wiki kwa kila mtoto, na ruhusa ya kutumia sehemu ya ruzuku ya uendeshaji kwa manila, bahasha, nailoni na uzi. Maafisa Elimu Kata wapewe jukumu la kuhamisha makasha kati ya shule za kata kila baada ya wiki nane. Zisipungue wala kuzidi wiki nane, tafadhali. Chini ya hapo vikundi havimalizi, na juu ya hapo watoto wanavichoka vitabu.

Bodi ya Huduma za Maktaba, Maktaba Kuu ya Taifa iliyopo Barabara ya Bibi Titi Mohamed imekuwa ikihudumia nchi hii tangu 1967, na ina sehemu ya watoto. Ila mtoto wa Chanika, wa Mbagala au wa ng'ambo ya kivuko hafiki pale kwa nauli ya kwao, tena peke yake. Tunaomba maktaba imfuate: makasha 20 ya majaribio, manne kwa kila halmashauri kati ya tano, yaani vitabu 300. Vitabu vya zamani ambavyo havichapwi tena visitolewe nje. Badala yake tupewe Jumamosi moja kwa mwezi ambayo vikundi vya shule vitakuja kwa zamu kuvisoma palepale chini ya usimamizi. Watoto walinganishe, kwa mfano, ukurasa wa kwanza wa Alisi, hadithi ya Kiingereza ya msichana katika nchi ya ajabu, kwa tafsiri ya mwaka 1940 alimoitwa Elisi, na ule wa tafsiri ya 2015. Mtoto akiona kwamba kitabu kimoja kinaweza kuvikwa Kiswahili cha aina mbili, ataanza kuuliza kila sentensi ilichaguliwa na nani.

Taasisi ya Elimu Tanzania, kwenu tuna maombi mawili. La kwanza linahusu maumbo ya vitabu, kwa sababu kadi za watoto husema sana juu ya mambo ambayo wakubwa hatuyaoni: herufi ndogo mno, mistari iliyobanana, picha isiyolingana na maneno ya ukurasa wake, kurasa zilizobadilishana nafasi kiwandani. Mtoto wa Darasa la III au la IV anahitaji herufi za pointi 14 hivi na nafasi ya kutosha kati ya mistari. Vitabu vingi vya zamani vinapochapwa upya vinabaki na herufi za watu wazima. Pokeeni kadi hizi mara mbili kwa mwaka na muwape wachapishaji kabla hawajarudia kuchapa.

Ombi la pili ni juu ya Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu mnayoisimamia, ambayo ina kundi la hadithi za watoto. Miswada inayofika fainali katika kundi hilo isomwe pia na vikundi vya watoto, tuseme katika shule mbili za kila halmashauri ya mkoa huu, bila majina ya waandishi, na kadi zao ziwekwe mezani mwa majaji. Hatuombi watoto wapige kura. Jaji anajua mambo ya sanaa ambayo mtoto bado hajayajua. Tunaomba jaji ajue ni ukurasa gani watoto walianza kupiga miayo na ni ukurasa gani walikataa kufunga kitabu kengele ilipolia. Nakala zirudufiwe kwa kibali cha waandishi na zikusanywe zote siku ileile, ili mswada usivuje.

Muhula wa kwanza unafunguliwa Januari. Orodha ya vitabu vinavyokubalika na waraka wa kipindi vikitufikia kabla ya shule kufungwa Desemba, vikundi vitaanza wiki ya pili ya muhula na kadi za kwanza zitakuwa tayari kuhamishwa mwezi wa tatu. Tuko tayari kuja ofisini kwenu na kasha moja la mfano, vitabu 15 na bahasha zake, na kuendesha kipindi kizima cha dakika 40 mbele yenu katika shule yoyote mtakayoichagua ninyi.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Walimu wa Kiswahili na wasimamizi wa maktaba za shule za msingi,
Dar es Salaam